Barua ya Kwanza kwenye Seva Mpya

"Ongeza na anwani ya mwanangu," mkuu wa ofisi alisema. "Kisha nenosiri lake unipe mimi."

Fundi aliinua macho kutoka kwenye seva, kisanduku cheusi alichokuwa akikifunga kwenye rafu iliyoelemewa na ramani kuukuu. Katika ofisi hiyo ndogo ya wapima ardhi, alikuwa ameshawafungulia wote anwani za barua pepe: mkuu, mchora ramani, na mke wa mkuu, aliyepokea wageni. Mwana hakuwa na meza humo.

"Anafanya kazi hapa, mzee?"

"Atakaporudi ataikuta."

Mkuu aliondoka na nenosiri hilo, akajifungia chumbani mwake. Hapo ndipo mchora ramani alipomsogelea fundi na kumnong'oneza kisa chote. Kijana alikataa kurithi kazi ya upimaji. Baba akamwambia kwamba asiyetaka kazi ya baba asikanyage mlango wa baba. Kijana akaenda ng'ambo, akalishika neno hilo kama lilivyo. Tangu hapo hakuandika. Baba naye, mtu asiyewahi kumdhulumu jirani hata unyayo mmoja wa mpaka, hakuomba radhi. Aliyeumia ni mama, kama nafaka kati ya mawe mawili.

"Leo jiwe moja limelainika," mchora ramani alisema. "Namshukuru Mungu nimeliona."

Kupitia kioo cha mlango, mkuu alionekana akiandika kwa vidole viwili, akifuta, akiandika tena. Macho yake yalikuwa mekundu tangu mwanzo wa wiki. Mwenyewe alisema ni vumbi la viwanjani.

"Mama, hebu mtazame mzee wako. Anadonoa herufi kama kuku," mchora ramani alimtania mke wa mkuu.

"Mwache adonoe," mama alijibu. "Kuku anayedonoa hula. Jogoo kazi yake kuwika."

Siku nyingine angecheka mwenyewe kabla ya wenzake. Siku hiyo hakucheka.

Punde kompyuta yake ililia. Aliinama, akalitazama jina lililoandikwa juu ya barua, akalitazama tena.

"Imetoka kwa mwanangu," alisema.

Mchora ramani aliangusha rula. "Haya, mwanafunzi. Mtihani ndio huo."

Mama alikuwa akihudhuria darasa la elimu ya watu wazima. Alijiandikisha kijana alipoondoka, ili barua zake zitakapokuja, asihitaji mtu wa kumsomea. Hadi sasa alisoma kwa sauti, kidole kikifuata maneno.

Mkuu alifungua mlango wake, akasimama kizingitini, mikono nyuma.

"'Mama, shikamoo,'" mama alisoma. "'Mimi ni mzima. Kazi ni nyingi, ndiyo maana nilikawia kuandika. Usilie tena.'"

Kidole kilisimama. Kisha akaendelea, taratibu zaidi.

"'Mwambie baba sina kinyongo naye. Najua alinifukuza kwa ulimi, moyo wake haukuwamo. Asijilaumu. Mimi bado ni mwanawe.'"

Mkuu alishika mwimo wa mlango. Alimkodolea mkewe macho kana kwamba anamwona kwa mara ya kwanza. Halafu akaketi kwenye benchi la wageni, akauficha uso viganjani na kulia kwa sauti, mbele ya watu aliowaamrisha miaka yote. Mama alimwendea, akamshika bega.

"Basi, mzee, limekwisha," mchora ramani alisema, akijifanya anatafuta kifutio chini ya meza ili naye apanguse macho.

Fundi peke yake hakufurahi. Mama alipokwenda kumchotea mumewe maji kwenye chumba cha nyuma, alimfuata.

"Mama, niwie radhi. Njia ya kwenda nje bado sijaifungua. Kwa sasa seva hii inapeleka barua za humu ndani tu. Hiyo uliyoipata imeandikwa ndani ya ofisi hii."

"Najua, fundi," mama alijibu, akiendelea kujaza bilauri. "Habari za kifo cha mwanangu zilinifikia mimi kabla hazijamfikia baba yake."

Alirudi na maji kwa mumewe.

Fundi aliisogelea mashine ya mama, akaisoma barua mwenyewe. Iliishia kwenye "Usilie tena". Hapakuwa na neno lolote kuhusu baba.