Mtambo wa Reli za Droo

Ezron alikinyanyua kifaa kwa vidole viwili, kama mtu anayetoa panya kwenye pipa la unga.

"Hiki ndicho mlichoniitia kutoka Mbeya?"

"Ndicho, Daktari," alijibu Faustina, mtaalamu pekee wa maabara katika kituo kile kidogo cha afya nje ya mji wa Iringa.

Zilikuwa reli za droo, jozi moja imelala juu ya nyingine. Za chini zilikwenda mbele na nyuma, za juu kushoto na kulia. Zilisukumwa na spoku za baiskeli zenye nati, zikarudishwa na springi za kalamu, na vishikio vyake vilikuwa vifuniko vya chupa za dawa ya kikohozi. Juu yake kilibanwa kioo chenye makohozi ya mgonjwa, kisogee taratibu chini ya hadubini. Gharama yote haikufika bei ya kuku wa kienyeji.

Kifaa halisi cha kusogezea kioo kwenye hadubini kilikuwa kimevunjika miaka miwili nyuma, na tangu hapo kioo kilisogezwa kwa kidole. Kidole huruka. Ili umwambie mtu kwamba hana kifua kikuu, lazima upitie sehemu mia moja za kioo chake, mstari kwa mstari, na Faustina alikuwa ameruka. Mzee Rabson, mkulima wa mahindi, aliambiwa mara mbili kwamba hana kitu, akazikwa kabla ya kupimwa mara ya tatu. Wiki ileile Faustina alikwenda kwa fundi seremala kuomba reli za kabati bovu.

Sasa yote yalikuwa mikononi mwa Ezron, mkaguzi wa maabara. Akikikubali kifaa, kituo kingeendelea kupima. Akikikataa, meza ya kifua kikuu ingefungwa, na wagonjwa wangepanda bodaboda hadi mjini, wale wenye nauli.

Na Ezron hakuwa mtu wa kukubali vitu. Alikuwa na miaka ishirini ya ukaguzi na dharau ya kumtosha kila aliyekutana naye. Mlinzi alimsalimu kwa Kihehe, "kamwene", yeye akaitikia "ndiyo". Ngazi kumi na mbili za maabara zilimsimamisha njiani mara mbili, akauliza kama zilijengwa kwa ajili ya mbuzi. Gesti aliyofikia aliitukana tangu getini: mwezi Julai, watu wa Iringa wanavaa makoti hadi ndani ya nyumba, lakini wao wamempa blanketi la nailoni akaamka shuka limelowa chapachapa. Hata fundi wake wa cherehani kule Iyunga, Mbeya, hakusalimika. Suruali aliyomshonea wakati wa Pasaka ilikuwa ikimvuka, na Ezron akatangaza kwamba mafundi wa siku hizi hawajui hata kupima kiuno.

"Nimezunguka mikoa minne," alisema, akikirudisha kifaa mezani. "Nimeona watu wakitengeneza jiko la mkaa na kuliita uvumbuzi. Lakini reli za droo! Dada, hapa tunatafuta vijidudu, hatupangi sufuria kabatini."

Faustina aliumia.

"Kijaribu tu, Daktari. Sina ombi lingine."

Hilo ndilo Ezron alilokuwa akilisubiri. Alitoa mkobani vioo vitatu vilivyokwisha kutiwa rangi, vikiwa na herufi A, B na C. Cha kwanza kilijaa vijidudu tele. Cha pili kilikuwa navyo vinne tu, na kilikwisha kuwaumbua wataalamu wenye hadubini za maana. Cha tatu kilikuwa kisafi. Hicho alikiandaa mwenyewe juzi, kwa makohozi ya mtu ambaye hakumshuku hata kidogo, kwa sababu alijua kwamba wenye mitambo ya kubahatisha huona vijidudu hata pasipo na kitu. Faustina hakuambiwa lolote.

Alianza kugeuza vifuniko. Kushoto, kulia, mstari chini, kushoto tena.

"A ni chanya, Daktari."

"Hata mpita njia angeona."

Kioo B kilimchukua muda mrefu. "Chanya. Nimehesabu vinne."

Ezron alikereka hadi masikio yakamwaka moto. "Umebahatisha. Endelea."

Kioo C kilimchukua muda mrefu zaidi. Faustina alipita mistari yote, akarudi mwanzo, akapita tena.

"Chanya pia. Vipo kumi na saba."

Ezron alicheka mpaka akashika ukingo wa meza. Alifungua fomu yake na kuandika kwa herufi kubwa: KIMEKATALIWA.

"Hicho ni kioo kisafi, dada! Kisafi! Mtambo wako umezaa vijidudu."

"Vipo, Daktari. Sijakisogeza. Vitatu viko katikati kabisa."

"Nitaangalia, lakini ni kwa ajili ya kukufundisha kazi."

Aliinama huku bado anacheka. Vijidudu vitatu, kama vijiti vyekundu, vilikuwa vimelala kwenye rangi ya bluu. Akageuza kifuniko, akaenda mstari wa pili. Viwili. Wa tatu, kimoja. Akarudi alikotoka, na reli zikampeleka palepale, penye vitatu vilevile. Akafanya hivyo mara ya pili na ya tatu. Mara ya nne alikuwa akikigeuza kile kifuniko polepole sana, kwa adabu.

Faustina alivuta rejesta ya wagonjwa wapya.

"Mwenye makohozi haya hawezi kusubiri, Daktari. Inabidi aanze dawa leo. Nimwandike nani?"

Ezron hakuondoa jicho kwenye hadubini.

"Andika jina langu."