Herufi Ndogo za Chini

Bi Tausi alifungua kifuniko cha kalamu, kisha akasita. Katika miaka thelathini na minne ya uuguzi, hakuwahi kumchoma mgonjwa sindano kabla ya kumsomea kwa sauti maandishi ya kwenye kichupa. Leo kiinua mgongo chake chote kilikuwa kinangoja sahihi yake, mbele ya Bwana Shekue, mshauri wa fedha.

"Nisomee, mwanangu."

Bwana Shekue akausoma mkataba wa uwekezaji kwa madaha: faida kila mwezi, uzee usio na dhiki. Kisha akamsogezea karatasi.

"Na hizi herufi ndogo za chini?"

"Hizo ni za kawaida tu, mama. Hakuna anayezisoma."

"Hata wagonjwa wangu hawakuwa wakiniuliza, lakini niliwasomea. Nisomee."

Bwana Shekue alivaa miwani. Mstari wa kwanza ulitoka vizuri. Wa pili, sauti ikashuka. Wa tatu aliupitia kwa macho tu, midomo ameifumba.

Bi Tausi akakirudisha kifuniko taratibu, kama alivyozoea kuifunika sindano. Akaupakata mkoba wake, akaendelea kuungoja mstari wa tatu.