Mkono wa Mwalimu

Fimbo ya ngoma kubwa ilimpasua Maneno kichwa, akaanguka miguuni pangu na tarumbeta yake. Nikamziba jeraha kwa kiganja.

Likizo nzima nilikuwa nikiwafundisha beni, ngoma ya matarumbeta, vijana wa vijiji hasimu vya Marui na Kurui. Mjinga mimi, nilidhani muziki ungewapatanisha.

"Mwalimu, ondoka hapo!" alifoka mpiga ngoma wa Kurui. "Leo tunawachinja hawa wa Marui!"

Nilijitosa katikati ya mapanga yaliyochomolewa pande zote mbili, nikainua mkono kuwazuia.

Wote wakanyamaza ghafla, macho kwenye vidole vyangu. Ndivyo nilivyowafundisha: mkono ukipanda, kimya, ukishuka, pigeni.

Damu ya Maneno ilinitiririka kutoka kiganjani hadi kwapani. Kiwiko kikaanza kutetemeka.

"Mwalimu," akanong'ona Maneno pale chini, "usiushushe."