Mguu Usiouma

"Basi sema tu umevimeza wewe!"

Ndambiri alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni, mkononi ana pakiti tupu ya vidonge vya maumivu aliyoiokota kwenye takataka.

"Nimevimeza," dada yake Wanjugu akajibu, huku akiendelea kumimina maji ya moto kwenye karai. "Ulitaka viharibike? Mimi mgongo unaniuma. Mguu wake haumuumi."

"Ni dawa ya Baba. Nilimnunulia Baba."

"Na anayemwosha Baba ni nani? Anayemlisha? Wewe unakuja Jumamosi na mkate, unaketi, unauliza maswali kama mkaguzi wa shule!"

Sauti zao zilivuka ua hadi barabarani, ambako akina mama wa Kianjokoma walikuwa wakishuka na vikapu kwenda kuchuma chai. Wanjugu akaona haya, akashusha sauti. Akaubana mfuko wa aproni yake, mlimokuwa na vidonge viwili vya mwisho.

"Daktari alisema ubongo ukizeeka unaweza kusahau kusema unaumwa," Ndambiri akasema. "Hakusema mwili unasahau kuumwa."

"Daktari haamki na Baba. Mimi naamka naye. Njoo ujionee."

Baba yao, Mzee Nyaga, alikuwa nje tayari. Tangu alipoangukia makaa, kidonda cha mguu kilisafishwa kila asubuhi, na kila asubuhi vita vilikuwa vilevile. Kitanda hakitaki. Kiti hakitaki. Lazima kwanza ajimwagie maji ya pipa, kwa baridi ile ya mlimani inayoingia mpaka kwenye mifupa, kisha aketi kwenye nyasi zenye umande, miguu ameitanua. Wanjugu alibishana naye wiki nzima, akashindwa. Siku hizi alimfunga shuka kiunoni tu, akaomba wapita njia wasichungulie. Walichungulia. Mzee wa kanisa, ameketi kwenye umande kama mtoto!

"Njeru," mzee akamwita Ndambiri. "Umechelewa. Simama nyuma yangu unishike mabega."

"Njeru ni nani?"

"Usiniulize mimi," Wanjugu akasema. "Kila siku anamtafuta huyo Njeru, mimi namwambia aegemee nguzo. Mshike tu tumalize."

Ndambiri akamshika. Wanjugu akatoa wembe kwenye maji ya moto, akapiga magoti, akaanza kuondoa ngozi iliyokufa. Damu ikachuruzika nyasini. Mzee Nyaga alikuwa amekunja ngumi zote mbili, ameziegemeza shingoni, macho ameyaelekeza kileleni mwa mlima. Hakuguna. Hakuvuta mguu. Hata kope hazikucheza.

"Umeona?" Wanjugu akasema. "Ungekuwa wewe, ungeshaita polisi."

Ndambiri aliutazama wembe, akautazama uso wa baba yake. Wanjugu akamwagia kidonda maji ya chumvi, yale yanayomfanya mtu mzima aruke. Mzee alikaa kama jiwe.

"Kweli hasikii," Ndambiri akasema hatimaye. "Nisamehe, dada. Nimekutukana bure."

"Siku nyingine uulize kabla hujafokea watu." Lakini moyo ulikuwa umemtulia. Hata mgongo ulimwachilia kidogo. Akachukua bandeji, akaifunga vizuri.

"Bado?" mzee akauliza. Aliuliza hivyo kila siku.

"Tayari, Baba. Nimemaliza."

Mzee Nyaga akashusha ngumi. Ndipo mabega yalipoanza kutetemeka mikononi mwa Ndambiri, kisha mikono, kisha mwili mzima, na machozi yakamtiririka mpaka kidevuni. Akageuza kichwa, akamtazama mwanawe kwa macho ya kijana aliyefurahi kupita kiasi.

"Njeru, kimbia nyumbani ukamwambie mama. Kisu cha jando kimepita na sikupepesa jicho. Mwambie sikumwaibisha."

Wembe aliokuwa ameanza kuuosha ukamponyoka Wanjugu. Akatia mkono kwenye mfuko wa aproni, akatoa vile vidonge viwili, akamwekea baba yake ulimini na kumshikia kikombe cha maji mpaka akameza. Barabarani, akina mama walikuwa wamesimama na vikapu vyao, wakitazama. Akainuka mbele yao wote, mikono ikiwa na damu, akapiga vigelegele mpaka sauti ikamkatika.