Ushahidi wa Nguchiro

Nungunungu alipozeeka alianza kusahau. Nguchiro mwenye tamaa, jirani aliyemwita bibi kila alipotaka kitu, akawakusanya wanyama wote mlangoni pa shimo la Nungunungu.

"Bibi hana akili tena," akasema. "Jana kaniita kwa jina la marehemu mumewe. Shimo hili nitalisimamia mimi."

"Kuna anayebisha kwamba nasahau?" Nungunungu akawauliza.

"Hakuna," wakajibu.

"Haya, Kanga, sema."

Kanga, ambaye hasahau neno, akasimama. "Akili yake ilipokuwa timamu aliniusia mbele ya mashahidi wawili. Siku tutakapokubaliana sote kwamba anasahau, Panya Buku anayemlisha ndiye atakayemtunza na kulisimamia shimo."

Nungunungu akasimamisha miiba yake yote. "Asante kwa kunithibitishia, mjukuu wangu. Sasa mpishe Panya, uji unapoa."