Miti ya Wajukuu

Wabebaji wa ng'ambo waliteremsha kipoyi, machela yao ya miti, kando ya kijito, wakanyoosha migongo, wakageuka kurudi kwao. Mpaka ulikuwa hapo. Kuanzia hapo mgonjwa ni wa wanaume wa kijiji cha huku, na kila nyumba hutoa bega lake bila kuombwa.

Juu ya kipoyi alilala mama wa uzazi, uchungu umemshika. Alikuwa amefunikwa blanketi gubigubi, na juu ya blanketi wametandaza bâche ya plastiki, kwa kuwa mvua ilinyesha tangu asubuhi. Kilichoonekana ni mkono mmoja tu ulioshika mti wa kipoyi. Mama mkwe wake, kikongwe aliyekuwa akifuata nyuma na fimbo, alimvuta Syauswa pembeni akamwambia maneno mawili matatu sikioni. Syauswa ndiye aliyeongoza wabebaji wa huku. Alimtazama bibi huyo kwa muda, kisha akasema amesikia, yeye apumzike na kufuata polepole.

Wenzake hawakuuliza ni nani. Kijijini kwao kuna mwiko: mama wa uzazi akiwa juu ya kipoyi, jina lake halitamkwi njiani mpaka afike kwa muuguzi. Ukilitamka, kifo kinajua nani wa kumwita.

Walipandisha kwa mwendo mzuri. Barabara ilikuwa pana, kazi ya salongo, zile kazi za pamoja, za Jumamosi nyingi. Kijiji kizima kiliichimba, wanawake wakibeba udongo kwa mabeseni, hata walimu wakishika majembe wakiwa na mashati yao meupe. Gari la kituo cha afya lingeweza kupanda hadi kijitoni. Lingeweza, kama si shamba la Muyisa. Barabara inafika kwenye uzio wake, inakufa, halafu inafufuka upande wa pili wa mikaratusi yake. Katikati kuna lango, na lango lina kufuli.

Watu walimbembeleza Muyisa mpaka wakachoka. Chifu alikuja, katekista akaja. Jibu lilikuwa moja: "Hii miti ni ya bajukuu bangu." Wakati huo hakuwa na mjukuu hata mmoja, binti yake ndiyo kwanza ameolewa, na watu walimcheka mbele yake na kumlaani nyuma yake.

Syauswa hakucheka. Mke wake, Joyeuse, alifia kwenye njia ya kuzunguka, ile ya bondeni penye mianzi, siku Muyisa alipokataa kufungua lango. Alikufa na mtoto tumboni. Muyisa alikuja matangani na maharagwe kwenye kikapu, akala pamoja na wengine, akajiendea zake.

Tangu hapo Syauswa alimchukia, na hakuficha. Alimwambia chifu mbele ya watu wote kwamba hatamgusa Muyisa, wala hatachoma mti wake hata mmoja, ila iko siku Muyisa atalia kwa ajili ya njia ile ile. Aliyasema kwa upole, na upole huo ndio uliowaogopesha watu. Muyisa alikwenda Butembo akanunua kufuli kubwa zaidi.

Sasa walisimama mbele ya kufuli hilo, wakaita. Muyisa akatoka na mwavuli, akabaki mbali kidogo. Macho yake yalikuwa kwa Syauswa, si kwa kipoyi.

"Papa Muyisa, huyu mama iko mubaya," Syauswa alisema. "Fungula tupite."

"Leo munapita na mugonjwa, kesho munapita na majembe. Muzunguke."

"Hata iko nani?"

"Hata iko nani."

Chini ya bâche mwanamke aliguna, lakini mvua ilipiga plastiki na sauti haikwenda mbali. Kitsa, kijana mwenye nguvu aliyeshika nyuma, alisema wavunje lango, na wawili wengine walikwisha kuanza kuangaza macho wakitafuta jiwe. Syauswa akawazuia. Wote walimshangaa, maana kama kuna mtu aliyestahili kulivunja lile lango, ni yeye.

"Amesema tuzunguke," alisema. "Donc tunazunguka."

Njia ya bondeni ilikuwa matope matupu. Waliteleza, wakashikana, mara mbili kipoyi nusura kiwaponyoke. Muyisa alibaki pale juu akiwatazama mpaka walipopotea, asije mtu akarudi kukata waya wake. Walipofika penye mianzi, Syauswa alianza kukimbia na kuwahimiza wenzake kwa sauti ambayo hawajapata kuisikia kwake. Kitsa alimwona akilia. Alijua mahali pale ni pa Joyeuse, akamwacha alie.

Kwenye kituo cha afya walipokelewa na Mama Ngalula, muuguzi aliyeletwa kutoka Kasai, akafunga mlango. Wanaume walikaa chini ya upenu, nguo zikiwachuruzika maji. Syauswa aliitazama mikono yake kama si yake.

Mlango ulipofunguka, Ngalula alisema mama atapona. Mtoto, wa kiume, alikuwa amechoka mno. Wangefika mapema kidogo, alisema, kisha akaacha sentensi ikaning'inia. Alitaka kujua mama huyu ana nani karibu, maana lazima mtu wa ukoo aje kumchukua mtoto akazikwe.

Syauswa alisimama. Walikuwa wamefika, jina liliweza kutamkwa.

"Ni Séphora," alisema. "Mutume mutu kwa baba yake, Muyisa. Mumwambie miti yote iko salama."