Mkasi wa Uzinduzi

Kwanza ulipotea mkasi. Sinia lilikuwepo mezani, kitambaa cheupe kilikuwepo, utepe mwekundu umefungwa barazani nguzo hadi nguzo. Mkasi hakuna.

La pili likawa baya zaidi. Agripina, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, alikuwa ameketi kwenye ngazi ya zahanati, mgongo kauegemeza mlangoni, ufunguo kaufumbata, anasema hafungui.

"Shikamoo, mama," alisema Emilian, mtendaji wa kijiji, jasho likimtoka. Alikuwa ameondoka alfajiri kwenda Shelui, kwenye barabara ya lami, kuwapokea wageni, na ndiyo kwanza anafika nao. "Mheshimiwa huyu hapa, na kamati yake yote ya halmashauri. Tufungulie."

"Marahaba. Nimemwona. Angoje."

Emilian alitamani ardhi ipasuke. Kama kuna mtu aliyeutaka mlango ule ufunguliwe, ni yeye. Mkewe, Raheli, alikuwa ajifungue mwezi ujao, na mtoto wao wa kwanza alifia njiani, juu ya pikipiki, kabla hawajaiona lami. Tangu hapo Emilian aliyabeba mawe ya zahanati hii kama mwendawazimu.

Haikuwa fadhila ya mtu. Wanawake walibeba maji na mchanga kichwani, wanaume wakapasua mawe, kuku na alizeti vikageuka bati. Jengo likaisha, nesi Flora akaletwa. Hapo ndipo halmashauri ikasema lisiguswe mpaka lizinduliwe. Ratiba ya mheshimiwa Benson, mwenyekiti wa halmashauri, ikabana. Ikabana tena. Kila ikibana, anawatumia ujumbe uleule: subira yavuta heri. Siku moja alipita akamkuta mama mmoja, Severina, kamlaza mtoto mwenye homa barazani, akawafukuza, ati jengo halijafunguliwa. Watu hawakusahau.

Sasa leo kaja na suti yake, na mlango umekaliwa.

"Mama, huu ni mgomo?" mheshimiwa aliuliza.

"Mgomo wa nini? Umetungojesha tangu alizeti za mwaka jana. Ngoja na wewe kidogo. Kivuli kipo, viti vipo. Subira yavuta heri, mheshimiwa. Si wewe uliyetufundisha?"

Wanawake wakaangua kicheko. Walikuwa wamelizunguka jengo lote, bega kwa bega, kanga wamezitundika madirishani, ati upepo unaingiza vumbi. Nyuma ya jengo moshi ulifuka. Emilian akadhani ni wali wa wageni. Kisha wakaanza kuimba, tena si kuimba kwa adabu. Kila mheshimiwa akifungua mdomo, wimbo unapanda.

"Nesi yuko wapi?" akafoka.

Wimbo ukapanda tena.

"Basi sikilizeni! Dawa zimo garini. Mlango usipofunguliwa sasa hivi, dawa na nesi vinakwenda kijiji kingine, leo hii hii! Mtendaji, tafuta nyundo, vunja kitasa. Ukishindwa, hiyo ofisi huna."

Nyundo ikaletwa. Emilian akaishika, akaisogelea ngazi, akamwinamia Agripina.

"Mama, nakuomba. Wakiondoka na dawa, Raheli wangu atakimbilia wapi mwezi ujao? Niambie basi kuna nini."

Uso wa Agripina ukalegea kidogo. "Kuna mambo hayasemwi kabla hayajaisha, mwanangu. Rudi nyuma. Tena wewe hasa, rudi nyuma."

Emilian akaitazama mikono ya mama yule, kucha zilivyoliwa na mawe. Akageuka akamwona mheshimiwa anaangalia saa. Loo! Hasira ikampanda, na safari hii haikuwa dhidi ya Agripina. Mtu aliyewangojesha watu wenye homa, leo hawezi kukaa kivulini kidogo?

"Sivunji," akasema.

"Unasemaje?"

"Nimesema sivunji! Mlango huu wameujenga wao, wataufungua wenyewe wakitaka. Hiyo ofisi chukua!"

Akaitupa nyundo mchangani, akaketi ngazi ya chini, miguuni pa Agripina. Hata siku aliyopewa ile ofisi hakujisikia mwanamume kama alivyojisikia pale.

"Mtajuta," mheshimiwa akasema, akitoa simu. "Nawaita polisi."

"Waite," Agripina akamjibu. "Na wao watangoja."

Ghafla wimbo ukakatika. Upepo ukasikika juu ya bati. Mtu akagonga mlango kwa ndani, taratibu. Agripina akafumba macho, akashusha pumzi, akainuka. Akachomeka ufunguo, akafungua.

Akatoka nesi Flora, mikono imelowa hadi viwiko. Akainama akapita chini ya utepe, akauweka mkasi juu ya kitambaa cheupe, safi, bado una joto la maji ya moto.

"Samahani, mheshimiwa, tuliuazima. Sasa unaweza kukata na wewe."

Nyuma yake, gizani mwa chumba, kitoto kichanga kikalia.

"Mtendaji," Flora akasema, "ingia. Raheli anakuita."